Waya Mmoja Hauwashi Taa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zubaida alikuwa na kazi mbili ambazo hazikungoja mtu. Ya kwanza ilikuwa kuteka maji kwenye bomba la mtaa, maana pale Kisenyi ukichelewa kidogo unakuta foleni ya madebe imefika mlangoni mwa gereji ya jirani. Ya pili ilikuwa kuloweka ukindu wa bibi yake. Bibi Kulusum alisuka makawa, yale mafuniko ya chakula yenye rangi nyekundu, kijani na zambarau ambayo wanawake wa Kinubi wanasifika kwayo. Ukindu usipolowekwa vizuri hukatika mkononi, na subira ya Bibi nayo hukatika papo hapo.

Wazazi wa Zubaida waliishi Bombo, lakini yeye alikaa Kampala kwa bibi yake ili asome. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa darasa la sita. Tangu darasa la tatu alikuwa anashika nafasi ya kwanza, mwaka nenda mwaka rudi, hata akaizoea nafasi ile kama mtu anavyozoea kiti chake cha nyumbani. Hakudhani kama kuna siku atakuta mtu mwingine amekikalia.

Mtu huyo alikuja muhula wa pili. Jina lake lilikuwa Bibiane, msichana mwembamba kutoka Bukavu, huko Kongo, aliyekimbia vita vya kwao pamoja na baba yake, Barnabé. Mwalimu alimketisha karibu na Zubaida, na mwanzoni wakawa marafiki wa chanda na pete. Jioni walipitia kwenye kibanda cha Barnabé, pembeni mwa soko la Owino, ambako alitengeneza redio na tochi. Siku zile betri mpya zilikuwa adimu kama sukari, kwa hiyo Barnabé alianika betri za zamani juani, juu ya bati, zipate nguvu kidogo. Juu ya kibanda alikuwa amefunga waya mrefu mpaka kwenye nguzo ya jirani, ili redio yake ishike stesheni ya Bukavu. Nyimbo za kwao zilipolia, Barnabé aliacha kazi akatikisa mabega, na wasichana wote wawili walicheka mpaka wakashika mbavu.

Urafiki huo uliingia mdudu siku ya mtihani wa desimali. Swali moja liliuliza jumla ya 1.5 na 1.5. Zubaida hakuona ugumu wowote. Moja na moja ni mbili, tano na tano ni kumi, basi akaandika 2.10 na kuendelea na swali jingine huku akitabasamu. Alipochungulia karatasi ya Bibiane, alitabasamu zaidi, kwa sababu Bibiane alikuwa ameandika 1,5 kwa mkato badala ya nukta, kama walivyofundishwa Kongo. Zubaida alijua kwamba leo mtu atachekwa.

Kweli mtu alichekwa, ila hakuwa Bibiane. Mwalimu Ongom aligeuza ule mkato kuwa nukta kwa kalamu yake nyekundu, akampa Bibiane alama zote, na jibu lake lilikuwa tatu. Zubaida alipata mkasi, ile alama ya kosa. Alikwenda kuuliza, na mwalimu alimweleza kwa upole, lakini Zubaida aliona maneno yanaingia sikio hili na kutokea lile. Tano na tano si kumi? Kumi hiyo imekwenda wapi? Matokeo yaliposomwa, Bibiane alikuwa wa kwanza naye wa pili. Alihisi kitu kinamchoma kifuani, na kitu hicho kilikuwa wivu, hakuna jina jingine.

Mwalimu Ongom alikuwa mtu wa kaskazini, na siku zile jeshi liliwashuku watu wa kwao; alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini. Lori la wanajeshi likipita barabarani alikuwa akifunga dirisha na kunyamaza mpaka mngurumo uishe, kisha anaendelea na somo pale pale alipoachia. Wanafunzi walikuwa wamezoea. Wiki iliyofuata alileta mezani betri, balbu ndogo ya tochi na nyaya mbili za shaba. Akauliza ni nani anayeweza kuiwasha balbu ile.

Zubaida alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Alikuwa amefikiri haraka. Maji huja bombani kwa mpira mmoja, hayahitaji miwili. Na nyumbani kwa baba yake mdogo, kule kambi ya jeshi, balbu ilining'inia darini kwa kamba moja ya umeme. Kwa hiyo alichukua waya mmoja, akaunganisha kichwa cha betri na kitako cha balbu, na ule wa pili akausukuma pembeni. "Huu hauna kazi," alisema kwa sauti ili wote wasikie.

Balbu haikuwaka. Aliibonyeza, akaipuliza, akaifuta kwa sketi yake. Kasim, mvulana aliyekaa nyuma, alisema kwamba labda ina njaa, na darasa zima likaangua kicheko. Ndipo Bibiane alipoitwa. Aliuchukua waya uliodharauliwa, akaufunga kwenye kitako cha betri na ubavuni mwa balbu, na balbu ikawaka. "Moja ya kwenda, moja ya kurudi," alisema, kama anayetaja jambo la kawaida kabisa.

Mwalimu alieleza kwamba umeme hutoka upande mmoja wa betri na lazima upate njia ya kurudi upande wa pili. Njia ikikatika mahali popote, hakuna taa. Hata ile kamba moja inayoonekana nyumbani ina nyaya mbili ndani yake. Zubaida hakusikia hata neno moja, kwa sababu masikio yake yalikuwa bado yamejaa vicheko. Alichosikia ni tangazo la mwisho. Kutakuwa na onyesho la sayansi la shule za mjini, na atakayekwenda ni Bibiane, pamoja na taa aliyoanza kuitengeneza, ya kuwasha na kuzima kwa swichi.

Ijumaa hiyo, baada ya sala ya mchana, Wahabi alikuja kula. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bibi Kulusum, baba mdogo wa Zubaida, naye alikuwa sajini jeshini. Kila Ijumaa alileta kipande cha sabuni na kifurushi cha sukari, vitu ambavyo majirani walivisikia harufu tu. Bibi hakumruhusu kuingia na bunduki. Aliiacha kwenye gari, akavua viatu, akaketi mkekani, na Bibi akalifunua kawa. Chini yake kulikuwa na samaki wa kukaanga na kisra, ile mikate myembamba ya Kinubi.

"Nasikia darasani iko mtoto ya Kongo anakushinda," Wahabi alisema akimega. Alikuwa anatania tu, lakini utani ule uliangukia kwenye kidonda.

"Ananishinda kwa sababu baba yake ana mitambo," alisema Zubaida. "Wana waya mrefu juu ya kibanda. Jioni wanaongea na Bukavu."

Wahabi aliacha kutafuna. "Wanasikia ama wanaongea?"

Hapo Zubaida alifunguliwa mlango wa kurudi nyuma, na aliuona. Alijua ukweli wote. Alikuwa amekaa pale kibandani jioni nyingi, na redio ile ilikuwa na masikio tu, haikuwa na mdomo. Lakini aliikumbuka balbu ikiwaka mkononi mwa Bibiane, na moyo wake ukawa mgumu.

"Wanaongea," alisema. "Na Bibiane ametengeneza taa ya kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima."

Kwa askari, redio ya kuongea na taa ya kuashiria ni kazi ya majasusi, na Wahabi alinawa mikono ingawa samaki alikuwa hajaisha. Aliuliza jina la baba wa mtoto huyo na kibanda kilipo, na Zubaida akamwambia. Kisha akauliza, "Na nani nafundisha nyinyi hiyo kitu?"

"Mwalimu Ongom."

Wahabi alilirudia jina hilo polepole, kama anayelipima. Alisema kesho asubuhi atapita huko na wenzake, akavaa viatu vyake akaondoka. Bibi Kulusum alikuwa jikoni akitafuta chumvi, hakusikia mazungumzo yale. Aliporudi alishangaa tu kuona samaki nusu.

Kwa muda mfupi Zubaida aliona utamu moyoni. Alitoka nje akasimama kizingitini, akiwaza onyesho litakavyokuwa bila Bibiane. Ndipo Kasim alipopita amebeba kichwani beseni la mandazi ya mama yake. Kasim alikuwa hodari wa kuchekesha darasani, lakini nyumbani kwao hapakuwa na kicheko. Baba yake, fundi cherehani, alifuatwa na watu wawili waliovaa miwani myeusi, wakamwambia anahitajika kwa maswali machache. Tangu siku ile kofia yake ilibaki kwenye msumari ukutani, na hakuna jirani aliyethubutu kuuliza amekwenda wapi. Watu walijua tu kwamba mtu fulani alikuwa amesema neno fulani.

Zubaida alimtazama Kasim mpaka akapotea kwenye kona. Mtu fulani alikuwa amesema neno. Sasa mtu huyo ni yeye.

Aliingia ndani akamkuta Bibi anamalizia pindo la kawa jipya. Alimweleza kila kitu, tangu mtihani wa desimali mpaka jina la Mwalimu Ongom. Bibi hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Zubaida kuliko fimbo.

"Bibi, mwambie wewe," alilia. "Wewe ni mama yake, atakusikia."

"Atasikia," Bibi alisema. "Atasema, mama yangu ni mzee, hajui waya. Kesho mimi nitakwenda pale, nitakaa, hatanifukuza. Lakini wewe ndiye ulisema. Wewe ndiye utamwonyesha ile taa ni kitu gani."

"Lakini mimi sijui. Sikuelewa hata kidogo."

"Basi nenda ukaelewe," Bibi alisema, akalirudia pindo lake.

Zubaida alikwenda Owino mbio, akipenya katikati ya marundo ya nguo na magunia ya muhogo. Alipofika kibandani Bibiane alimpokea kwa furaha, akamsogezea kigoda. Zubaida alishindwa kusema lililomleta. Akasema tu kwamba anataka kufundishwa ile taa. Bibiane alimwekea kila kitu mapajani bila kusita, betri, balbu, nyaya, hata swichi aliyoikata kutoka kwenye kopo la maziwa kwa ajili ya onyesho. Ukarimu ule ulimuuma Zubaida kuliko kama angetukanwa.

"Usitazame taa," Bibiane alimwambia. "Fuata njia na kidole. Toka hapa kwenye betri, zunguka, mpaka urudi palepale. Kama kidole kimekwama, umeme nayo imekwama."

Zubaida alifuata kwa kidole. Kichwa cha betri, waya, kitako cha balbu, ubavu wa balbu, waya wa pili, swichi, kitako cha betri. Alirudia. Mara ya tatu akaliona pindo la kawa la bibi yake. Bibi hulizungusha pindo mpaka likutane na mwanzo wake, maana ukiacha pengo, hata la upana wa ukucha, kawa lote hufumuka. Aliibana swichi na balbu ikawaka. Aliiachia, ikazima. Kumbe ndiyo hiyo tu.

Barnabé, aliyekuwa akiangalia kwa mbali, aliongeza betri ya pili, na mwanga ukazidi. Aliwaonyesha maandishi ubavuni mwa betri: 1.5, yaani moja na nusu. "Moja na nusu, na moja na nusu," alisema. Zubaida alihesabu. Moja na moja, mbili. Nusu na nusu ni nzima. Tatu. Bibiane akamwambia kwamba ile tano iliyo nyuma ya nukta ni vipande vitano vya kitu kilichokatwa vipande kumi; vikija vitano vingine vinakuwa kumi, na vipande vyote kumi ni moja nzima, kwa hiyo inavuka nukta na kwenda kukaa na wenzake. Ile kumi yake iliyopotea siku ya mtihani, Zubaida aliipata leo, mahali ambapo hakustahili kupewa chochote.

Machozi yalimtoka. Alisema yote, akiwa ameinamisha kichwa.

Barnabé aliweka bisibisi chini. Bibiane alimtazama Zubaida kama mtu asiyemjua, kisha akaichukua ile balbu kutoka mapajani mwake na kwenda kusimama nyuma ya baba yake.

"Mimi nilishakimbia mara moja," Barnabé alisema. "Nikikimbia tena, watasema ni kweli. Nitabaki. Na wewe, mtoto, kesho utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi kaa tena. Fanya tena, mpaka mkono uzoee." Akamkatia waya mwingine kutoka koili ya redio mbovu, akaukwangua ncha kwa wembe.

Kesho yake gari la jeshi lilifika asubuhi, na vibanda vya jirani vikafungwa kimoja kimoja kama macho ya watu wanaosingizia usingizi. Wahabi aliteremka na askari wawili. Alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda mlangoni pa kibanda, anasuka, na pembeni yake amesimama Zubaida na sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Mama, toka hapa," Wahabi alisema. "Hii ni kazi ya serikali."

"Mimi sisemi na serikali. Mimi nasema na mtoto yangu," Bibi alijibu bila kuinua macho. "Sikiliza huyu kwanza. Jana ulimsikiliza, hata samaki ukaacha."

Zubaida aliweka ubao mdogo juu ya kreti. Alifunga nyaya, akaweka betri, akabana swichi. Balbu haikuwaka. Askari mmoja alicheka puani, na mwenzake akasogea karibu na Barnabé. Zubaida alitaka kuipuliza ile balbu, kama siku ile darasani. Kisha akakumbuka asiitazame taa. Alianza kufuata njia kwa kidole, polepole, mpaka alipofika kwenye waya wa pili. Jana Barnabé aliutoa waya kama huo katika koili ya redio mbovu, akaukwangua ncha kwa wembe kabla ya kuutumia, kwa sababu waya wa koili hupakwa rangi inayozuia umeme. Huu wa leo ulikuwa umekatwa upya kutoka koili hiyo, na ncha yake ilikuwa haijakwanguliwa. Jicho linaona waya umegusa, kumbe haujagusa.

Aliomba wembe. Bibiane, ambaye hakuwa amemsemesha tangu jana, ndiye aliyempa. Zubaida alikwangua mpaka shaba ikang'aa, akafunga, akabana swichi, na taa ikawaka.

"Umeme unatoka hapa, unazunguka, unarudi hapa," alisema. "Hauendi Bukavu. Hauendi hata kwenye kibanda cha jirani. Unazunguka hapa hapa tu." Barnabé aliifungua redio, akaonyesha spika ya kutolea sauti. Hapakuwa na kifaa cha kusemea. Ule waya wa juu ulikuwa wa kushikia stesheni, kama nyaya za redio nyingine za nusu ya mtaa.

"Lakini wewe ulisema wanaongea," Wahabi alimwambia Zubaida.

Sasa lilikuwa limebaki lile jambo ambalo hakuna betri ingemsaidia. Zubaida alimtazama baba yake mdogo usoni.

"Nilidanganya. Sikuwahi kuwasikia wakiongea na mtu. Bibiane alinishinda desimali, na akaiwasha taa niliyoshindwa, na akachaguliwa yeye. Nilitaka aondoke."

Uso wa Wahabi ulibadilika, ukawa mweusi zaidi. "Mimi nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza, wanasikia ama wanaongea. Unajua mtu akipanda hii gari anarudi lini?"

Wahabi aliwaamuru wenzake wapande gari. Mmoja wao, kabla ya kupanda, aliikwapua redio ya Barnabé akaitia kwapani, na Wahabi aliona, akageuza macho. Gari likaondoka.

Barnabé aliketi juu ya kreti, sasa kwa kuwa hatari ilikuwa imepita. Alisema redio si kitu, mtu ni mtu. Lakini Bibiane aliutazama ule waya mrefu uliobaki juu ya kibanda bila kazi, na Zubaida aliona. Alijua kwamba ameuzima muziki wa kwao kwa mdomo wake.

Jumatatu Zubaida alimweleza Mwalimu Ongom yote, hata pale alipolitaja jina la mwalimu mbele ya Wahabi. Mwalimu alikwenda kufunga dirisha ingawa hapakuwa na lori lililopita. Alisimama pale akiwa amempa mgongo, kisha akamwambia kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayelifundisha darasa kwa nini waya mmoja hauwashi taa. Zubaida alifundisha. Alianza kwa kueleza kosa lake mwenyewe la siku ile, na Kasim alipocheka alimwacha acheke. Bibiane alisikiliza, lakini mapumziko yalipofika alikwenda kukaa peke yake.

Ijumaa ilipowadia, Wahabi alikuja kula kama kawaida yake. Alivua viatu, akaketi mkekani. Bibi aliweka mbele yake sinia lililofunikwa kawa jipya, lile la pindo jekundu, kisha akaweka mkono wake juu ya kawa na kuuacha pale.

"Redio ya watu iko wapi?" aliuliza.

Wahabi alisema kwamba hakuichukua yeye. Bibi alisema kwamba hakuuliza nani aliichukua. Wahabi alicheka, akajaribu kulifunua kawa kwa mzaha, na Bibi akampiga kofi mkononi kama mtoto wa miaka mitano. Harufu ya samaki ilijaa chumba kizima. Sajini, ambaye watu wazima walimpisha njia barabarani, alivaa viatu vyake akaondoka na njaa, na chakula chake walipewa kina Kasim.

Ijumaa iliyofuata Bibi aliwaalika Barnabé na binti yake. Walikuwa wameketi, Bibiane upande mmoja wa mkeka na Zubaida upande wa pili, wakati Wahabi alipoingia. Kwapani alikuwa na redio. Hakueleza ameipataje. Aliiweka mbele ya Barnabé, akakohoa, akasema, "Mzee, pole." Barnabé alisimama akaipokea kwa mikono miwili, na walipeana mkono bila kutazamana sana.

Ndipo Bibi Kulusum alipolifunua kawa. Lakini hakumruhusu mtu kunyoosha mkono. Alimgeukia mjukuu wake.

"Zubaida, watu wa zamani walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole likijikwaa, unaumia wewe, tutakufunga kitambaa. Ulimi wako ulijikwaa, na karibu aumie mtu aliyekukaribisha kwake. Wivu utakuja tena, mimi ni mzee na unanijia mpaka leo nikiona kawa la mwingine limependeza. Ukikujia, uufanye ukuulize: huyu amefanyaje, nami nijifunze? Usiuache useme kwa mdomo wako. Taa ya Bibiane ikiwaka, yako haizimiki."

Zubaida alisema amesikia, na safari hii alikuwa amesikia kweli. Alivuka mkeka akaketi karibu na Bibiane. Hakujua aseme nini, kwa hiyo alimwomba amfundishe kugawanya desimali, maana huko nako bado alikuwa anapotea.

Bibiane alifikiri kidogo. "Nitakufundisha," alisema. "Lakini na nukta, si na mkato, wasikucheke." Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alitabasamu.

Barnabé alizungusha kitufe cha redio mpaka wimbo wa kwao ukasikika kwa mbali, ukikwaruza. Bibi alimwambia Zubaida agawe chakula, aanze na mgeni. Kwenye sinia kulikuwa na kipande kimoja kikubwa cha sangara, cha tumboni, ambacho Zubaida alikuwa amekipigia jicho tangu kikiwa jikoni. Alikitazama, moyo ukamchoma kidogo, palepale pa siku zote. Kisha akakichukua akakiweka mbele ya Bibiane.